Samaki wa Sheni

Yule mama hakujua kuendesha baiskeli. Naanza na hilo kwa sababu ndilo watu wa Gikondo, mtaa wetu huku Rwanda, walilopenda kumtania nalo. Alikuwa fundi wa baiskeli, na katika ufundi huo alikuwa amejichagulia sehemu moja tu, mnyororo, lakini hajawahi kukaa juu ya tandiko hata mara moja. Ukimuuliza sababu, alikuuliza na yeye mbona hujawahi kumuuliza daktari wa kuzalisha, mwanamume na ndevu zake, amezaa mara ngapi.

Sitamtaja jina. Sote tulimwita Fundi, na waliotaka kumchokoza walimwita Mukecuru, yaani bibi kizee, halafu wakasogea mbali na nyundo yake. Nasema "alikuwa" kwa sababu ndivyo kumbukumbu inavyozungumza, si kwa sababu nimemzika. Angenisikia angenikemea.

Kwa miaka yote niliyomjua alikuwa akipigania jambo moja: asiondolewe kwenye kigoda chake. Mwanawe, mtu mzima mwenye kazi nzuri ya ofisini na nyumba nzuri huko Kibagabaga, upande wa pili wa mji, alitaka mama yake apumzike. Mama hakutaka kupumzika. Ugomvi wao ulikuwa wa heshima, wa kupeana viti na kuulizana habari za afya, lakini hakuna aliyerudi nyuma hata hatua moja. Mwishowe mama alikaribia kushindwa, na aliyesababisha ni mimi. Nitafika huko, lakini kwanza nieleze alivyokuwa, maana nikianza na aibu yangu nitamsahau yeye.

Alikaa kando ya ukuta wa ghala moja la zamani, pale ambapo magereji yanaishia na nyumba za watu zinaanza. Juu yake kulikuwa na bati moja lililoegeshwa kwenye nguzo mbili. Chini kulikuwa na kigoda cha miguu mitatu, debe la mafuta ya taa, miswaki ya zamani ya kusugulia, nyundo ndogo, kifaa cha kutolea pini, na ubao wenye misumari miwili. Baiskeli ikiwa na tatizo jingine lolote, breki au tairi au usukani, alikunyooshea kidole kwa mafundi wenzake chini ya barabara. Alisema mtu anayejua kila kitu ndiye anayekurudisha nyumbani kwa miguu.

Nilifika kwake mara ya kwanza kwa sababu ya mlima na kiburi. Mimi nimekulia Karagwe, upande wa Tanzania, na nilirudi Rwanda nikiwa mtu mzima, na Kinyarwanda changu kilikuwa cha kutumwa chumvi na mama. Kazi yangu iko mtaa wa Muhima, kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji. Nasoma maandishi ya watu kabla hayajachapwa, nikiwa na kalamu nyekundu, natafuta makosa. Kazi hii inamharibu mtu tabia. Huwezi tena kusoma hata kibandiko cha kwenye chupa ya dawa bila kusonya.

Asubuhi hiyo mnyororo wangu ulikatika nikiwa ndiyo kwanza natoka Gikondo. Nikasukuma baiskeli hadi kwenye lile bati, na kwa kuwa mafundi wa magereji walikuwa wakinitazama, nikaamua kuwaonyesha kwamba na mimi ni mwenyeji. Sikusema Kiswahili. Nilichukua neno mnyororo nikalivika nguo ya Kinyarwanda, nikachukua na kitenzi cha kukatika, nikasema kwa sauti ya kutosha: "Nacitse umunyururu."

Gereji yote iligeuka kunitazama. Sikujua kwamba kwa Kinyarwanda umunyururu ni kifungo, ni gereza, na kwamba gucika, kukatika, ndiyo pia kutoroka. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu kumi na shati langu la kazini nikiwatangazia kwamba nimetoroka jela.

Yeye hakucheka. Aliweka nyundo chini, akaniangalia viatu, akaniangalia uso, akaniambia kwa Kiswahili: "Na polisi wako wapi? Wako karibu ao umewaacha mbali?"

Hapo ndipo wengine walipoangua kicheko, mpaka mmoja akaacha kazi yake akaja kunishika mkono. Fundi alingoja wamalize, halafu akanieleza polepole kwamba kile kitu pale inaitwa sheni, na umunyururu ni mahali wanakupeleka ukiiba. Kuanzia siku hiyo jina langu likawa Mutoro. Nilimsahihisha nikamwambia kwa Kiswahili safi ni Mtoro, bila hiyo "u". Akasema, "Ndiyo, Mutoro," akaendelea kutoa pini.

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Yeye alizaliwa na kukulia Bujumbura, na Kiswahili chake kilikuwa cha mtu aliyekioga tangu utotoni kisha akakivaa anavyotaka. Kila kitu kwake kilikuwa "iko". Herufi "l" na "r" zilibadilishana viti kila alipofungua mdomo. Mimi nilikaa juu ya kreti la soda kila Jumamosi nikimsahihisha, kwa sababu sikuweza kujizuia. Akisema sheni iko nzee, namwambia mnyororo umezeeka. Ananiuliza kama nimeelewa. Nasema nimeelewa. Anasema basi iko sawa. Nilikuwa naondoka pale nimekasirika kabisa, na Jumamosi inayofuata narudi.

Mwaka mmoja nilimtengenezea kibao kazini kwa mabaki ya karatasi ngumu, herufi kubwa nyekundu, kimelaminishwa vizuri: FUNDI WA MINYORORO. Nilijivuna nacho. Alikitundika siku moja tu. Wapita njia waliomba waonyeshwe jela anazozitengeneza, na mchungaji wa kanisa la juu pale alitaka kujua kama anapokea wageni wa kutembelea wafungwa. Fundi hakunilaumu. Alikigeuza uso chini, akakilaza kando ya kigoda, na tangu siku hiyo sheni zote zilizooshwa zilikaushwa juu ya mgongo wa kibao changu. Alisema ni kitu kizuri sana, hakishiki mafuta.

Ule ubao wa misumari miwili ndio uliokuwa hakimu wake. Sheni ikiwa mpya, pingili zake zinaingia kwenye misumari yote miwili ikiwa imenyooka vizuri. Ikichakaa inarefuka, kwa sababu kila pini imekula tundu lake kidogo, na ukiiweka kwenye misumari inaning'inia katikati. Ikining'inia, hakuna mazungumzo. Haiungwi, haifupishwi, inatupwa. Wateja walimbembeleza atoe pingili moja mbovu aweke nyingine, wafike nyumbani tu. Alikataa. "Ukiunga sheni nzee na pingili mpya," alisema, "ile mpya inakula meno, meno inakula zile nzee, na wewe unakula barabara."

Yule mchungaji alikasirika siku moja kwa jibu hilo akaenda kwa fundi mwingine, akaungiwa kwa dakika chache. Hakumaliza wiki. Alirudi anasukuma, jasho linamtoka, Biblia iko kwenye kapu la mbele. Sisi tulikaa tayari kusikia Fundi atamsema vipi, maana wote tulijua ulimi wake. Alimpa mswaki na debe la mafuta ya taa, akamwambia ayasugue yale meno ya gurudumu la nyuma mara mbili.

Hiyo nayo ilikuwa sheria: kila mtu anaosha sheni yake mwenyewe kabla Fundi hajaigusa. Hakujali wewe ni nani. Nilimwona afisa mmoja mwenye tai na baiskeli ya bei mbaya, ya kupandia milima, amechuchumaa pale amevaa aproni ya Fundi, anasugua huku simu yake inalia mfukoni. Fundi aliamini kwamba ukiiosha kwa mikono yako utakutana na pingili iliyokakamaa, na utajua inaumwa wapi kabla hujaambiwa. Afisa alikutana nayo kweli. Alifurahi mpaka akamwita dereva wake aje aone.

Kuhesabu alihesabu kwa Kifaransa cha shule za masista, cha kusema septante kwa sabini na nonante kwa tisini. Alikuwa hapimi sheni mpya kwa kuilaza kando ya ile ya zamani, kosa ambalo mafundi wengi hulifanya, kwa sababu ya zamani imerefuka na itakudanganya. Alihesabu pingili moja moja kwa kidole gumba, na ole wako umsalimie yuko katikati. Nilifanya hivyo mara moja tu. Aliinua uso, akaniambia, "Septante na nani, Mutoro? Wewe ndiye umeniulia, wewe ndiye utafufua." Nikahesabu mwenyewe tangu mwanzo, yeye akinywa chai.

Alikuwa amejaa mambo yasiyolingana. Hakuruhusu kiraka kwenye sheni ya mtu, lakini aproni yake yote ilikuwa viraka, na mkono mmoja wa miwani yake ulikuwa waya wa spoki. Kengele ya saa sita ikilia alisimama, akajipangusa mikono, akasali sala ya Malaika wa Bwana yote mpaka mwisho akiwa amefumba macho, kisha akakaa na kuendelea na lile tusi la Kirundi aliloliacha nusu, akiitukana pini iliyogoma. Alikuwa mkali kwa wanaume wanaopakia mizigo kupita kiasi, lakini wakija na njaa aliwakatia nusu ya muhogo wake bila kuwatazama usoni. Na aliziogopa baiskeli. Mteja akijaribu yake pale mbele, akizunguka mara moja kuona kama imekaa vizuri, Fundi aliinua miguu yote miwili juu ya kigoda mpaka baiskeli ipite.

Mwanawe alikuwa mtu mwema. Sitaki mtu amchukie kwa maneno yangu. Alikuja na gari siku za Jumamosi, akaliegesha mbali ili asiwazibie mafundi, akamletea mama matunda. Halafu akaanza: mama, mgongo. Mama, moshi wa magereji. Mama, macho. Hilo la macho ndilo lililokuwa na ukweli. Tulianza kuona anageuza sheni kuelekea kwenye mwanga, anafumba jicho moja, anaitafuta pini kwa ncha ya kidole badala ya kuiangalia. Mwanawe alimwambia macho yakishakosea mara moja, atampeleka Kibagabaga siku hiyohiyo. Fundi alijibu kwamba macho yake yakikosea, atapanda gari mwenyewe bila kushikwa mkono. Walikubaliana hivyo mbele yangu, na mimi nikacheka, kwa sababu sikuwahi kumwona akikosea.

Sasa niseme habari za samaki, kwa sababu kila kitu kinageukia hapo.

Sheni ya baiskeli hizi za mizigo inafungwa kwa pingili moja inayofunguka, na juu ya pini zake kunabanwa kibanio kidogo cha chuma, si kikubwa kuliko ukucha. Upande mmoja kimefumbwa na kuviringika, upande mwingine kimepasuliwa katikati. Fundi alikiita samaki, na ukikiangalia vizuri ni samaki kweli, ana kichwa na mkia. Sheria yake ni moja. Kichwa lazima kiangalie kule sheni inakokwenda. Ukikiweka mkia mbele, kitu chochote kikiugusa, unyasi au ncha ya suruali, mkia unanasa na samaki anaruka. Sheni inafunguka hapohapo. Kila alipomaliza kazi alizungusha pedeli na kumwambia mteja, "Angaria samaki. Samaki haogelei kinyumenyume." Wateja waliitikia kwa kichwa bila kuangalia. Fundi ni Fundi. Nani angemkagua?

Jumamosi hiyo alikuwepo muuza maziwa mmoja, mtu wa haraka, mitungi yake miwili mitupu imefungwa nyuma, anataka kuwahi kujaza. Mwanawe Fundi alikuwa amefika, amesimama karibu na bati, ameshika mfuko wa maparachichi. Mimi nilikuwa juu ya kreti langu. Fundi alihesabu pingili, akaunga, akabana samaki. Nilisikia ule mlio wake mdogo. Muuza maziwa akaiinua baiskeli iliyokuwa imepinduliwa, akaisimamisha, akazungusha pedeli.

Samaki alikuwa mpya, anang'aa, na aliponipita mbele ya macho niliona mkia wake umetangulia.

Niliona. Kazi yangu ni kuona. Ninaweza kuona nukta iliyokosekana kwenye ukurasa kabla sijausoma, na niliona ule mkia vizuri kama ninavyoona herufi iliyogeuzwa. Nikajiambia labda ni kwa sababu baiskeli ilikuwa miguu juu, nimechanganya mbele na nyuma. Nikajiambia yeye ndiye fundi. Lakini sikuamini hata moja katika hayo. Ukweli ni kwamba nilimtazama mwanawe amesimama pale na mfuko wake, nikakumbuka makubaliano yao, nikajua nikifungua mdomo tu, Fundi atapanda gari leo. Mimi niliyemsahihisha "l" na "r" kwa miaka yote hiyo, siku hiyo nilimhurumia nikanyamaza. Muuza maziwa akaondoka.

Hakufika mbali. Kwenye kilima kidogo alisimama juu ya pedeli ili apate nguvu, samaki akaruka, sheni ikafunguka, naye akaanguka uso mbele. Alivunjika mfupa wa bega. Habari zilifika kwetu kabla muhogo wa Fundi haujapoa.

Aliomba aletewe ile sheni. Aliishika, akapapasa pini mbili ambazo zilikuwa hazina kitu. Kisha akasema mbele ya watu wote, mafundi na wateja na mwanawe, kwamba samaki aliyewekwa vizuri hawezi kuruka siku ileile, na kwamba aliyemweka vibaya ni yeye, kwa mikono yake, na asitafutwe mtu mwingine. Mafundi walianza kusema labda barabara, labda mteja mwenyewe. Aliwanyamazisha. Alikunja aproni, akaweka vifaa kwenye gunia, ubao wa misumari juu kabisa, akaenda kwenye gari akapanda bila kushikwa mkono. Mimi nilikuwa nimekaa palepale kwenye kreti. Alipopita mbele yangu alisema tu, "Kwaheri, Mutoro."

Na mimi nikatoroka kweli. Niliacha kupita njia ile. Nilipanda basi dogo la twegerane kwenda kazini, nikibanwa na magoti ya watu, baiskeli nimeifungia ndani. Nilisikia kwa mafundi kwamba Fundi huenda kumtazama yule muuza maziwa kila wiki, anatoka Kibagabaga kwa mabasi mawili na uji kwenye chupa, na kwamba mgonjwa anaendelea vizuri na amemsamehe tangu siku ya kwanza. Mimi sikwenda hata mara moja. Ningemwambia nini? Kazini nilianza kukosea. Siku moja niliruhusu ukurasa mzima upite na jina la bwana harusi likiwa limewekwa mahali pa baba yake, na bosi wangu aliniuliza kama ninaumwa. Nilisema ndiyo.

Ilipita zaidi ya nusu mwaka. Jumapili moja, katika zile ambazo asubuhi barabara kubwa hufungwa kwa magari na watu hutoka kukimbia na kuendesha baiskeli, nikaitoa yangu kwa sababu nyumba ilikuwa imenichosha. Sheni ilikuwa kavu, inalia kama mlango. Nilizunguka na umati mpaka ule upande wa juu wa mji, na pale kwenye kona, chini ya mti mdogo wa barabarani, nikaona kibao kimelala chini kifudifudi, na juu yake sheni tatu zinakauka. Niliujua mgongo ule. Nilikuwa nimeulaminisha mwenyewe.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda kilekile. Miwani ilikuwa mipya, mikubwa, yenye mikono miwili kamili. Mtu aliyekuwa ameishikilia baiskeli ya mteja isianguke, suti ya michezo imechafuka grisi mpaka kwenye viwiko, alikuwa mwanawe. Alinisalimia kwa uchovu. Akanieleza kwamba mama alikaa nyumbani wiki mbili, akarekebisha bawaba za milango yote, halafu akatoa masharti. Atibiwe macho kwanza. Akishatibiwa, atafanya kazi. Na kila mteja ataangalia samaki mwenyewe na kusema kwa mdomo wake kichwa kiko wapi, asiposema haondoki. Mwanawe alikataa. Jumatatu iliyofuata hakumkuta nyumbani, alimkuta Gikondo chini ya bati. Basi wakasikilizana kwa Jumapili hizi kwanza, karibu na nyumbani, yeye mwenyewe akiwa hapo kusaidia. Alisema "kwanza" kwa sauti ya mtu anayejua ameshashindwa.

Fundi hakuniuliza nilikuwa wapi. Alisikiliza sheni yangu kwa mbali, akasonya, akaninyooshea debe na mswaki. Nikachuchumaa nikaosha. Nilisugua kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji, nikiwa nimeinama. Akaichukua, akaiweka kwenye misumari, ikaning'inia. Akatoa mpya, akahesabu, septante, nonante, mimi sikupumua. Akaiunga, akabana samaki, akamwambia mwanawe aisimamishe baiskeli. Akazungusha pedeli.

"Angaria samaki," alisema.

Niliangalia. Mkia ulikuwa mbele.

Mwanawe alikuwa amesimama palepale, upande wangu wa kulia, kama siku ile. Nyuma yetu walikuwapo wateja wanne wanangoja. Nilimwangalia Fundi usoni, na ile miwani mipya ilikuwa imenielekea mimi, haikuelekea baiskeli. Kama alifanya makusudi au macho yalimdanganya tena, sikujua, na sijamuuliza mpaka leo. Sikutaka kujua. Nilijua tu kwamba nikinyamaza safari hii, sitakuwa na mahali pa kupita katika mji huu wote.

"Fundi," nikasema, "umekosea. Samaki anaogelea kinyumenyume."

Aliinama, akamtoa samaki kwa ncha ya bisibisi, akamgeuza, akambana. Mlio uleule mdogo. Hakuinua uso aliponiuliza.

"Ile siku ya maziwa, uliona?"

"Niliona."

"Kwa nini hukusema?"

Nilimwambia ukweli: mwanao alikuwa amesimama pale, na mlikuwa na maneno yenu. Mwanawe aligeuka kunitazama, mdomo wazi. Fundi alipangusa bisibisi kwenye aproni, upande mmoja, kisha wa pili.

"Ulinionea huruma."

"Ndiyo, Fundi."

"Huruma yako ilimuvunja mutu mufupa," alisema. "Mimi nilikosea, na wewe ulinyamaza. Wote wawili tulimuangusha. Mimi nimeshaenda kumuambia. Wewe bado."

Hakupandisha sauti. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, na chini ya aibu hiyo nilihisi kitu kingine ambacho nilikuwa nimekisahau, nafuu. Nikamwambia nitakwenda. Akaniuliza lini. Nikasema leo. Akaniambia mahali anapokaa yule muuza maziwa, kona kwa kona, na kwamba ana watoto wanaopenda ndizi mbivu, halafu akampungia mkono mteja aliyefuata asogee.

Nilipanda. Nilizunguka mara moja pale mbele kuijaribu, na kwa pembe ya jicho nikamwona anainua miguu yote miwili juu ya kigoda. Sheni haikulia kabisa. Nilipoinyoosha baiskeli kuelekea bondeni kwa muuza maziwa, alinipigia kelele nyuma ya mgongo, kwa Kinyarwanda, ili barabara yote isikie.

"Mutoro! Ubu noneho wacitse umunyururu."

Yaani, sasa ndiyo umetoroka jela. Watu waligeuka kunitazama, kama walivyonitazama siku ya kwanza. Ilikuwa sentensi yangu mwenyewe, ananirudishia baada ya miaka yote hiyo, nikaisoma kichwani neno kwa neno kama ninavyosoma kazini, na haikuwa na kosa lolote.